Mdomo wa Mama Emerance

Pale sokoni Bunia, aliyetaka samaki mzuri wa chumvi kutoka Kasenyi alikwenda kwa Mama Emerance. Na aliyetaka kurudi nyumbani na heshima yake yote alikwenda kwa mwingine. Ndivyo walivyosema watu, wala hawakumsingizia. Mama yule alikuwa na mkono wa kuchagua samaki, jicho la kumtambua mwizi toka mbali, na ulimi ambao haukujua kupumzika. Ukimbonyeza samaki wake kwa kidole mara mbili bila kununua, alikuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza makala, makaa ya kupikia, kama wewe ni daktari, au kama huyo samaki ni mchumba wako.

Alizaliwa karibu na Fataki, katika nyumba ya wakulima wa maharage iliyojaa watoto. Mwenyewe alieleza kwamba kwao, aliyeomba chakula kwa sauti ndogo alilala na njaa. Alipokuja mjini akaolewa na Katsuva, fundi cherehani aliyetoka Butembo, mtu mpole ambaye maneno yake yalikuwa machache kama meno ya mtoto mchanga. Wenzake walimwuliza Katsuva namna anavyoweza kuishi na kelele ile.

"Mashini yangu pia inapiga kelele," alijibu. "Lakini inatuvalisha."

Kanisani Mama Emerance alikaa kiti cha nyuma kabisa, na hakukaa pale kwa unyenyekevu. Alikuwa amesimamishwa katika kundi la wamama kwa sababu alimwita mwenyekiti wao, Mama Brigitte, kuku anayetaga yai moja na kutangaza mtaa mzima. Mchungaji Donatien alimtaka aombe msamaha. Aliomba, tena mbele ya watu wote, lakini kwa sauti iliyofanya msamaha uume kuliko tusi lenyewe. Basi akabaki kule nyuma, akiimba kwa nguvu, akijua moyoni kwamba watu kama yeye Mungu huwavumilia tu, hawatumii.

Kisha vita ikafika mjini. Ilikuwa imeanza huko Djugu, ikala vijiji, ikashuka hadi Bunia yenyewe, na mji ukawa unabadilisha wakubwa kama mtu anayebadilisha shati. Kila kundi lililoingia lilijenga barieri zake: mti uliolazwa barabarani, matofali mawili, vijana wenye bunduki, na swali moja tu, "Weye kabila gani?" Barieri iliyochukiwa kuliko zote ilikuwa kwenye daraja dogo chini ya soko. Ng'ambo ya daraja, wakimbizi wa vijijini walijazana katika uwanja wa shule. Upande wa huku ndiko kulikokuwa materniti, nyumba ya kujifungulia. Wamama walioshikwa na uchungu walifika darajani wakasubiri ruhusa, na wengine walizaa palepale kwenye majani. Mmoja wao, mnunuzi wa Mama Emerance wa siku nyingi, hakuamka tena. Siku habari ile ilipofika sokoni, Mama Emerance alifunika samaki wake kabla ya saa sita akaenda nyumbani bila kumsema mtu.

Asubuhi moja ya masika alikuwa anasuuza mabeseni yake kwenye chemchemi. Hakukuwa na mwanga wala radi. Neno lenyewe halikupita masikioni. Lilimjia kifuani, taratibu, kama mtu anayekaa kando yako akakuita kwa jina.

"Emerance. Uvushe hawa wamama."

Aligeuka. Nyuma yake alikuwapo mbuzi tu, anatafuna.

"Bwana," akasema kwa sauti, maana hakujua kusali kwa sauti ndogo, "ni mimi Emerance wa samaki. Labda ulikuwa unatafuta Mama Brigitte. Kwake ni kule juu, nyumba ya mulango ya bleu, rangi ya mbingu."

Neno lilibaki palepale lilipokaa. Akasuuza beseni lilelile mpaka likang'aa, akaona haliondoki, akachukua mabeseni yake akaenda moja kwa moja kwa Mchungaji Donatien, akitumaini kuambiwa kwamba ni dalili ya malaria.

Mchungaji alimsikiliza mpaka mwisho. Midomo yake ilitaka kucheka, akaikaza.

"Na weye ulimujibu nini?"

"Nilimuonyesha nyumba ya Mama Brigitte."

Hapo mchungaji akashindwa, akacheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa tena alisema, "Mama, sijue kama ni Mungu. Mimi sikuwa kule kwa maji. Lakini shetani hana haja ya kuvusha wamama wenye mimba. Jaribu. Kama haiko yake, utajua."

"Pasta, na huu mudomo yangu?"

"Wenye midomo mizuri wote tuko hapa, tunaogopa kwenda," akasema mchungaji, na safari hii hakucheka.

Mama Emerance akaamua kwamba, kama ni lazima aende, ataenda kama mtumishi wa Mungu anavyopaswa kwenda. Kwa siku kadhaa alifanya mazoezi mbele ya cherehani ya Katsuva, akiongea polepole kama Mama Brigitte, akiinamisha kichwa upande, akikunja mikono tumboni. Katsuva alimtazama, akashona mshono ukaenda kombo. Siku ilipofika alifunga kikwembe cheupe, kitenge cha Jumapili, akachukua Biblia, akashuka darajani.

"Wababa wapenzi," akaanza, kwa sauti nyembamba isiyokuwa yake, "amani ya Bwana iwe na nyinyi. Nilikuwa naomba, kama inawezekana, na kama haitawasumbua..."

"Mama, ongea basi! Hatusikie kitu!" mmoja alimwambia.

"Nilikuwa naomba..."

"Anaomba nini? Chumvi?"

Wakacheka. Aliyekuwa mkubwa wao, kijana mwenye kofia nyekundu, alimwonyesha njia ya kurudi kwa mdomo wa bunduki. Mama Emerance alipanda kilima na Biblia yake, machozi yakimlowesha shingo, na kwa mara ya kwanza tangu aanze biashara alipita katikati ya soko bila mtu kumsikia.

"Nilikuambia," alimwambia Mungu alipofika nyumbani. "Nilikuambia, na weye haukusikia."

Akarudi kwenye samaki wake. Alijiona kama mtu aliyeitwa karamuni kwa makosa, akafika, akaambiwa jina lake halipo.

Wiki ileile, siku ya soko kubwa, alikuwa anapita karibu na daraja na beseni la samaki kichwani. Hakuwa na Biblia, hakuwa na kikwembe cheupe, alinuka biashara yake. Akasikia mlio. Ng'ambo ya mti uliolazwa kulikuwa na pusipusi, mkokoteni wa mbao wa kubebea mizigo, na ndani yake mwanamke kijana amejikunja juu ya godoro la majani, jasho limemjaa usoni. Mume wake alikuwa ameshika mpini wa mkokoteni kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa kuanguka. Wale vijana walikuwa wamekaa juu ya matofali yao wanakula mahindi ya kuchoma. Mkubwa mwenye kofia nyekundu alikuwa anasafisha meno kwa kijiti.

Mama Emerance hakukumbuka kuinamisha kichwa. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Weye! Ee, weye wa kofia! Mama iko nazaa mbele ya macho yako, na weye unakula mahindi? Weye ulitokaka wapi? Ulitokaka kwa mahindi? Walikuchuma?"

Kijana aliacha kijiti mdomoni. "Mama, rudi. Hakuna kupita."

"Nani alisema?"

"Ni ordre. Amri ya wakubwa."

"Ordre! Hiyo ordre ilizaaka nani? Ilimunyonyesha nani? Muniletee hiyo ordre hapa, nimuulize siku moja ya uchungu!"

Vijana wengine walianza kusimama, wengine wakatafuta pa kuficha magunzi ya mahindi. Mkubwa akajaribu kushika tena hali. Akaonyesha pusipusi kwa kidevu.

"Huyu ni wa kabila gani?"

"Kabila ya tumbo!" Mama Emerance alipiga kelele mpaka samaki wakatikisika ndani ya beseni. "Hauone tumbo? Macho yako iko vifungo ya shati tu? Kabila ya tumbo, na nyinyi wote mulitoka kule, hakuna hata mumoja alianguka toka kwa muti!"

Alikuwa amekaribia sasa, pumzi moja tu kutoka kwenye bunduki, na hapo akamwona yule kijana vizuri chini ya kofia. Sauti yake ikashuka kidogo, na kushuka kwake kulitisha kuliko kelele.

"Osée. Osée, mutoto ya Angélique wa makala. Nakujua. Mama yako akiwa na mimba yako alikuwa anashindwa kula kitu yoyote, ila samaki yangu tu. Weye unasimama hapa na hiyo miguu sababu ya samaki yangu! Na mimi nilikuonaka ukikimbia kwa soko bila suruali, umeshika mukia ya samaki ya kuiba!"

Wale vijana wakaangua kicheko. Mmoja aliweka bunduki chini ili ashike mbavu. Osée alivuta kofia mpaka kwenye nyusi, akajaribu kukasirika, uso ukakataa.

"Munyanyue muti," akasema. "Munyanyue mbio, kabla hajafika kwa mambo ya bibi yangu!"

Mti ukanyanyuliwa. Mama Emerance alitua beseni lake mikononi mwa mpiganaji aliyekuwa karibu, kana kwamba ni jirani wa sokoni, akashika mpini wa pusipusi pamoja na yule mume, wakapanda kilima wakisukuma. Walipofika juu, aliachia mpini. Akaketi ukingoni mwa barabara, huku mume akimaliza njia peke yake mpaka mlangoni mwa materniti.

Yule mwanamke aliitwa Vanessa, mumewe Stéphane, wakulima kutoka Djugu. Jioni ileile walipata binti. Mama Emerance alipokwenda kumwona, alimkuta Stéphane anazunguka kitanda kwa wasiwasi.

"Mama, tunataka kumupatia jina yako," akasema. Kisha akasita. "Jina tu. Mudomo tutaachia Mungu achague."

Mama Emerance alicheka mpaka muuguzi akamtoa nje.

Aliporudi darajani kesho yake kuuliza beseni, alilikuta limekaa juu ya matofali, samaki wote ndani isipokuwa wawili. Alipiga kelele kuhusu wale wawili. Na alipokuwa anapiga kelele, bibi mmoja mzee aliyembeba mjukuu mwenye homa alipita nyuma yake bila mtu kumwuliza kitu.

Hivyo kazi ikaanza. Habari ikazunguka ule uwanja wa shule kwamba upande wa huku kuna mama wa samaki anayevusha. Akitumiwa neno, alifunika meza yake, akashuka. Watu wa kila upande walipita nyuma ya kikwembe chake, wale wa jamaa zake na wale ambao jamaa zake walikatazwa hata kuwasalimu. Walipomwuliza kwa nini, alisema yeye hakupewa orodha. Wala usidhani woga ulimwacha. Kila mara aliomba anywe kwanza kikombe cha chai, na kila mara alimkumbusha Mungu kwamba nyumba yenye mlango wa bleu bado iko palepale.

Kundi la Osée lilipofukuzwa mjini, likaja jingine, na mkubwa wake mpya alikuwa mgeni aliyetoka mbali, anayesema Kifaransa, asiyejua Kiswahili ila maneno ya kuomba sigara. Mama Emerance alimsema siku nzima bila faida. Ilikuwa kama kumwagia bata maji. Hakumjua mama yake, hakuuona utoto wake, na kelele bila maana ni kelele tu. Alirudi sokoni amechoka, akakuta watu wamejipanga pembeni kama watazamaji wa mpira, maana mbele ya meza yake alikuwa amesimama Mama Brigitte mwenyewe, na mwavuli wake.

"Mama Emerance," akasema Brigitte, na ilionekana kwamba kila neno lilikuwa linamgharimu, "mimi sina mudomo kama yako. Mungu hakunipatia. Lakini niko na Kifaransa."

Soko zima likangoja. Mama Emerance alifuta mikono, akatazama mwavuli, akatazama vile viatu vizuri vya Brigitte.

"Viatu hiyo itaharibika kwa matope," akasema. "Vaa zangu."

Wakaanza kushuka pamoja, na kama ungewaona ungesahau vita. Mama Emerance alisimama mbele ya komanda, yule mkubwa mpya, akampa yote aliyokuwa nayo.

"Mwambie huyu mbuzi kwamba mama yake angemuona leo, angeomba Mungu amurudishie ule uchungu, ili azae mutu mwingine!"

Mama Brigitte aligeukia komanda, akainamisha kichwa kidogo, akasema kwa Kifaransa laini kwamba mama huyu anamsalimu kwa heshima kubwa na anaiombea familia yake.

"Mbona maneno yangu ilikuwa mingi na yako imekuwa kidogo?" Mama Emerance aliuliza kwa mashaka.

"Kifaransa inakunja nguo vizuri," Brigitte akajibu bila kutabasamu.

Komanda aliona mwanamke mmoja anayewaka moto na mwingine anayemimina asali, hakujua amwamini yupi, akaona njia rahisi ni kunyanyua mti. Hawakuwa marafiki, wale wamama wawili, si mara moja. Waligombana njiani wakishuka, wakagombana wakipanda. Lakini Jumapili iliyofuata Mama Brigitte alitoka kiti cha mbele, akaenda kukaa nyuma.

Siku mbaya pia ilikuja. Mpiganaji mmoja aliyekuwa amelewa alifyatua risasi juu ya vichwa vyao, karibu mno, na Mama Emerance akaanguka kifudifudi matopeni. Hakuumia. Lakini alipoinuka sauti haikuwapo, akafika nyumbani akiwa bubu, akalala, na kesho yake hakwenda popote. Siku ziliposonga, watu walikuja kuuliza. Katsuva aliwarudisha mlangoni. Mwishowe Mama Emerance alitamka neno akiwa amegeukia ukuta.

"Mungu alikosea. Nilisema tangu mwanzo. Alikosea mutu."

Katsuva aliacha cherehani. Akavuta kiti, akaketi, na siku hiyo alisema maneno mengi kuliko aliyoyasema siku ya kuposa.

"Mimi naogopa kuliko weye. Kila siku unashuka kule, mimi nashona mukono ya shati kwa shingo. Ukibaki hapa, nitafurahi, na hakuna mutu atakulaumu. Lakini usiseme Mungu alikosea. Sema unaogopa. Ni vitu viwili tofauti."

Mama Emerance alijifunua shuka. Kisha akageuka.

"Naogopa," akasema.

"Vizuri."

"Naogopa sana, Katsuva. Naogopa mpaka kwa kucha."

"Vizuri," akasema tena mumewe, na kwa sababu fulani wote wawili wakaanza kucheka, mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna habari njema. Tangu siku ile hakuzungumza tena na Mungu habari za mlango wa bleu. Alimwambia tu, "Bwana, naogopa, tuende," akashuka.

Mwaka uliofuata, baada ya mapigano makali kuliko yote, wanajeshi wa kigeni waliingia mjini, na barieri zikaanza kuondolewa moja baada ya nyingine. Ule mti wa darajani ulipasuliwa kuwa kuni. Mama Emerance alikwenda kuona. Akavuka daraja mpaka mwisho, akageuka, akarudi, akavuka tena, na hakuna aliyemwuliza kitu. Akaona miguu yake haijui la kufanya. Kisha akakumbuka samaki wake wako juani, akapanda kilima mbio.

Miaka ya utulivu kidogo ilipofika, Mchungaji Donatien alipanga kundi la wamama liende Gety, kusini, kukutana na wamama wa upande ambao vita ilikuwa imewatenga nao. Wote walisema Emerance aende. Yeye akaona haya tena. Kule hapakuwa na mti wa kunyanyua wala komanda wa kukaripia. Kulikuwa na wajane. Mdomo wake ungewafanyia nini? Hata hivyo alisema lile neno lake la kila siku, akapanda nyuma ya kamyoneti, gari dogo la mizigo, pamoja na Mama Brigitte na gunia la samaki, akatikiswa kutwa nzima katika barabara ile mbovu.

Walipokelewa kwa kimya. Viti viliwekwa, maji yakaletwa. Kisha mwanamke mmoja mrefu, aliyevaa sweta ya kiume, akasimama katikati ya wenyeji, akafungua kinywa, na Mama Emerance akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia maishani: mdomo kama wake.

"Mulikuwa wapi? Wakati siye tulikimbia na watoto kwa mugongo, mulikuwa wapi? Leo munakuja na vikwembe ya kupigwa pasi! Munataka tuimbe? Munataka tupige makofi?"

Akaendelea. Alitaja jina la mumewe. Alitaja shamba, mbuzi, mlango wa nyumba. Mama Brigitte alimtazama Emerance kwa hofu, akingoja moto. Emerance alikuwa amekaa, mikono magotini. Alijua maneno ya aina ile. Alijua kwamba ukiyakatiza yanarudi ndani na kuoza. Basi akamwangalia yule mama usoni, bila kuinamisha kichwa, bila kuangalia pembeni, akayapokea yote, mpaka jua likahama kutoka upande mmoja wa uwanja kwenda mwingine na sauti ya yule mama ikakauka.

Emerance akachukua kikombe chake cha maji, akamletea. Yule mama alikunywa mpaka chini. Akafuta mdomo kwa mkono wa sweta, akalitazama lile gunia kwa muda mrefu.

"Na hiyo samaki," akauliza, "ni ya Kasenyi, ao ni ile munauzishiaka watu wasiojua?"

Mama Emerance aliinuka. "Mama," akasema, "kuja uibonyeze mwenyewe. Mara mbili, kama unataka."

Wamama wa Gety waliona wageni wao wa Bunia wanaangua kicheko, hawakuelewa kwa nini, lakini wakasogea karibu. Gunia likafunguliwa, mmoja akaenda kukoka moto.